Maneno Niliyoyatia Kwenye Nyimbo za Katuni

Kwenye ile nyumba ya Riyadh nilikuwa napumzika mara mbili kwa siku, dakika moja na nusu kila mara. Hakuna aliyenipa mapumziko hayo. Niliyaiba kwenye katuni. Saa kumi alasiri binti wa madam, ambaye alikuwa na miaka mitano nilipofika, aliwekewa katuni zake za Kijapani sebuleni, nami nilikuwa napiga pasi kwenye chumba cha pembeni ambacho mlango wake haukuruhusiwa kufungwa. Wimbo wa kufungulia ulipoanza niliweka pasi chini, nikashika kiuno, nikasikiliza mpaka mwisho. Ulipofika wimbo wa kufungia nilifanya vivyo hivyo. Madam akitokea, nilijifanya natafuta doa kwenye kanzu ya bosi.

Kwetu ni Voi. Kabla ya kwenda huko nilifundisha kwaya ya kanisa kwa miaka tisa, na wanakwaya wangu watakwambia kwamba mimi si mtu mpole. Soprano akichelewa kuingia nilimtazama mpaka ashushe macho. Niliondoka nikimwacha binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, hajaanza kusema, kwa dada yangu, kwa mkataba wa miaka miwili. Nilipiga hesabu kwamba nitarudi akiwa na miaka mitatu na nusu, bado mdogo, atakuwa amenisahau kidogo kisha atanizoea tena. Nilikwenda na hesabu hiyo moja tu, na ndiyo iliyoninyima amani siku zote nilizokaa kule.

Siku niliyofika, pasipoti yangu iliingia kwenye kabati la madam, na ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, ilipotoka ikaifuata humo humo. Geti lilifunguliwa kwa rimoti ya dereva. Madirisha yalikuwa na vioo vya ukungu vinavyoleta mwanga bila kuleta barabara. Nje nilikuona nikitoa taka asubuhi, na Ijumaa nikikaa kiti cha nyuma na mtoto. Mara moja tulipita Shumaisi, nikaona wanawake wawili weusi wanatembea kando ya barabara na mifuko ya mboga, wanacheka. Nilishika kioo cha gari kwa vidole vyote kumi. Madam aliniambia nitaacha alama.

Binti yule alikuwa hasemi. Masikio yake yalikuwa mazima, ulimi mzima, na akilini alikuwa mwerevu kuliko sisi sote, lakini tangu azaliwe hakuwa ametoa neno. Alionyesha kwa kidole au alikuvuta nguo. Daktari wa watoto wa aina hiyo alishauri aondolewe kelele: wageni wachache, na katuni za utulivu tu. Hapo bosi alifurahi. Yeye alikulia kwenye katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu, na mpaka leo akinyoa ndevu anaimba nyimbo zake za utotoni kwa Kiarabu fasaha. Hizi za binti yake alizitafuta mwenyewe. Aliziita anime, na alilalamika kwamba siku hizi nyimbo zinaachwa kwa Kijapani, mtu hajui anaimbiwa nini.

Zilikuwa katuni ambazo hakuna kinachotokea. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani televisheni imeharibika. Katika ile aliyoipenda zaidi, familia moja inatengeneza miavuli iliyovunjika katika mji ambao mvua haikomi. Mtu analeta mwavuli, wanakunywa chai, mwavuli unatengenezwa, mtu anaondoka. Basi. Nyingine ilikuwa ya bibi na mjukuu wake wanaotunza kituo kidogo cha treni milimani, na treni zenyewe ni mbili kwa siku. Hakuna anayepigwa, hakuna anayegombana, na hakuna mtu aliyewahi kuniudhi kama wale watu waliotulia namna ile.

Nikwambie kilichoniudhi. Kila wimbo wa kufungulia ni mtu anatoka nyumbani. Anavaa viatu, anasukuma mlango, anaona mbingu, anakimbia au anapanda baiskeli, na hamwombi mtu yeyote ruhusa. Gitaa linapigwa haraka haraka, na pale kwenye kiitikio sauti inapanda ngazi moja, ndipo na yule mtu anaruka dimbwi. Kila wimbo wa kufungia ni mtu anarudi nyumbani. Anatembea polepole, taa zinawaka, sahani zinaoshwa, majina ya waliofanya kazi yanapanda kwenye kioo. Mimi sikuwa nikitoka wala kurudi. Nilisimama na pasi mkononi kati ya nyimbo hizo mbili, nikiwa na wivu na watu waliochorwa.

Lakini muziki ulikuwa mzuri, siwezi kuukosea heshima. Ule wa kufungia hasa. Haungoji hadithi iishe. Watu bado wanazungumza, na piano inaingia chini ya maneno yao kidogo kidogo, kama kwaya nzuri inavyoanza kuguna wakati mchungaji anamalizia sala. Nilikuwa nimewapigia kelele watu wazima miaka mingi wajifunze kuingia namna hiyo. Nikajikuta nagawa sauti kichwani: hii waipeleke alto, hapa besi wanyamaze.

Na mwalimu wa kwaya akishapenda tuni, hawezi kuiacha uchi. Kwetu ndivyo tunavyofanya kazi. Unaisikia tuni redioni, harusini, kwenye gari la matangazo, unaibeba nyumbani, na kufikia mazoezi ya Jumamosi umeshaitia maneno. Basi nikazitia maneno. Kijapani sijui, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Wimbo wa kufungia wa wale wa miavuli niliutia maneno ya binti yangu, kwamba alale, mama yuko njiani. Ule wa kufungulia niliutia sumu.

*Amka jua, amka jiko,*
*madam bado kitandani;*
*mikono yake ina dhahabu,*
*yangu ina sabuni.*

Niliuimba nikipiga pasi, nikideki, nikimenya vitunguu. Raha yake siwezi kuieleza. Madam alipita karibu yangu nikiwa namsengenya kwa sauti ya kwanza na ya pili, naye akaniambia sauti yangu nzuri. Mtoto alikuwa hapo daima, miguuni kwangu, kwa sababu popote nilipokwenda alinifuata. Nilizungumza naye Kiswahili kutwa nzima. Nilijua hatajibu, na mimi nilihitaji mtu wa kuambiwa. Nilimweleza habari za binti yangu na jinsi alto wangu mmoja alivyokuwa mwongo. Nilimfundisha kuniita dada, ingawa hakuniita.

Mwezi wangu wa nane pale, mama yake madam alikuja kutoka Jeddah na dada zake watatu. Walikaa wakinywa kahawa, nami nikizunguka na dele la kahawa na vikombe. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya zulia. Nikaisikia tuni yangu. Nilidhani ni mimi ninayeguna, nikafunga mdomo, tuni ikaendelea. Alikuwa yeye. Sauti ndogo, kavu kidogo, lakini kila noti mahali pake. Aliimba mistari yote minne. "Yangu ina sabuni," alimaliza, akatazama chini.

Mdomo huponza kichwa, nilisema moyoni, na leo kichwa ni changu. Lakini hakuna aliyenitazama. Madam alikuwa amepiga magoti anamkumbatia mtoto na kulia kwa sauti, bibi anamshukuru Mungu, kikombe cha mtu kimemwagika kwenye zulia. Ndipo madam akageuka, uso umelowa.

"Anasema nini? Hii ni lugha yako. Anasema nini?"

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, ila siku hiyo kilikuja chote. "Anasema, amka jua, amka mama, mikono yako ni dhahabu."

Madam aliziangalia bangili zake, akazibusu, kisha akaibusu mikono yangu. Mikono yangu ilikuwa inanuka vitunguu. Sikuwa nimeguswa na mtu mzima kwa miezi minane, na mimi pia nikalia, na nililia kwa hofu na aibu na pia, niseme ukweli, kwa fahari. Mtoto alikuwa ameingia kwenye kiitikio bila kuchelewa.

Tangu siku hiyo wimbo ule ukawa wa nyumba nzima. Madam alijifunza maneno. Aliamka saa nne asubuhi akashuka ngazi akiimba kwamba bado yuko kitandani. Mtoto akaanza kuzungumza nami, kwa Kiswahili cha Voi, na akanifuata na maswali mpaka msalani. Kwa wazazi wake alikuwa na nyimbo tu, na maneno mawili matatu ya Kiarabu. Nililetewa godoro jipya, na kila jioni sahani yangu ilipakuliwa kabla ya ya wageni. Daktari alisema nyumba isibadilishwe kitu, na hasa yule aliye karibu na mtoto asibadilishwe. Madam alinitafsiria maneno hayo akiwa ameshika bega langu, anatabasamu, na mimi nikatabasamu pia. Sikuwa nimeelewa kwamba nimesomewa hukumu.

Nyumba ya pili alikuwako Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru. Tulikutana kwenye pipa la taka dakika tatu kila asubuhi. Nilipomweleza, alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara.

"Ai, sista, umejifunga kamba mwenyewe. Si ungenyamaza tu, umalize contract, uende home? Sasa hawa hawakuachi."

"Wataniacha. Mkataba ni miaka miwili."

"Contract iko kwa kabati ya nani?"

Miaka miwili ilitimia. Nilivaa nguo yangu safi, nikamwendea madam sebuleni, nikamwambia muda umeisha na nataka kurudi kwa mtoto wangu. Alisema bukra, yaani kesho. Kesho yake alisema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani alisema baada ya shule kufungwa. Siku niliyopandisha sauti, alinishika mikono yote miwili.

"Mafi safari, hakuna safari," alisema. "Unataka binti yangu anyamaze? Wewe ni mama. Ungekuwa mimi, ungemwacha mtu kama wewe aende?"

Nilitaka kumtukana nikashindwa, maana jibu nililijua. Ningekuwa yeye ningeitupa hiyo pasipoti kisimani. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Laiti angekuwa mwanamke mkatili ningejua pa kumshikia. Huyu alikuwa analia pamoja nami, kisha anafunga kabati.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameanza kuunganisha sentensi. Dada yangu alinipigia Ijumaa, akamweka mbele ya simu. "Msalimie mama." Mtoto alitazama simu, kisha akamtazama dada yangu. "Mama ni wewe," alimwambia. "Huyu ni mama wa simu." Dada yangu alicheka haraka haraka ili nisihisi kitu. Nilihisi. Nilikuwa nimefundisha mtoto wa watu kusema, na wangu alijifunza kusema na mtu mwingine, na neno lake la kwanza mpaka leo silijui, kwa sababu dada yangu hakumbuki.

Mwenzangu wa Nakuru hakungoja. Asubuhi moja pipa la taka lilikuwa na mtu mwingine, Mfilipino, ambaye hakujua lolote. Baada ya wiki nikapata ujumbe wa sauti kutoka Manfuha, mtaa wa mbali humo humo Riyadh. "Kuja huku. Tuko sita kwa room moja, joto hatari, lakini mlango tunafungua wenyewe." Nilisikiliza ujumbe huo mara nyingi. Nilijua njia ya kutorokea. Dereva alikuwa mvivu wa kufunga geti saa ya swala. Lakini mwenye kutoroka anaripotiwa na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, na pasipoti inabaki kabatini. Ningeweza kufika Manfuha. Voi nisingefika. Nikaufuta ujumbe.

Kisha bosi alipata kazi Jeddah, tukahamia Al-Hamra, kwenye nyumba ya baba yake madam. Nyumba kubwa zaidi, ukuta mrefu zaidi. Kule hewa ina chumvi na unyevu, nguo hazikauki vizuri, ukipiga pasi shati linatoa harufu ya jana. Bahari ilikuwa karibu, niliambiwa. Chumba changu kilikuwa nyuma, dirisha lake likitazama mashine za kupozea hewa. Saa kumi alasiri watu wa miavuli walivaa viatu vyao, wakasukuma mlango, wakatoka. Siku ya kwanza mahali pale nilitazama mlango ule wa kuchorwa unavyofunguka, nikakaa sakafuni na pasi ikiwa bado imewaka.

Hapo ndipo nilipoamua kunyamaza.

Sikugoma kazi. Nilideki, nilipika, nilikunja. Lakini sikuimba, na sikusema neno la Kiswahili. Saa kumi nilichukua rimoti mwenyewe, na wimbo wa kufungulia ulipoanza nikabonyeza kitufe cha kuuruka. Wa kufungia ulipoingia chini ya maneno, nikazima. Mtoto alidhani nimekosea. Alinirudishia rimoti mkononi, akanikunja vidole juu yake. Nikaiweka mezani.

Siku ya pili aliniimbia yeye, akisimama kwenye mistari ili nimalizie. Sikumalizia. Siku ya tatu hakuimba. Siku ya nne nilikuwa nafua, nikasikia maji bafuni, kisha akaja amesimama mbele yangu, mikono yake miwili imejaa povu mpaka viwiko, ameinyoosha nione. Povu lilikuwa linadondoka sakafuni. Alikuwa anangoja mstari wangu wa mwisho. Kumbe maneno yote aliyaelewa, tangu mwanzo, na dhahabu na sabuni na nani yuko kitandani, na hakuwahi kunisema.

Nilimnawisha. Nilimfuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Sikuimba. Nimefanya mabaya mengine maishani, na yote nina sababu ninazoweza kumweleza mtu. Hilo la siku ya nne nalieleza hapa kwa mara ya kwanza, na bado najichukia ninapoliandika. Nilikuwa nimechukua ulimi wa mtoto nikaufanya ufunguo wa kabati.

Siku ya sita madam alikuwa ameshaelewa. Aliingia chumba cha kufulia akafunga mlango.

"Mbona huimbi?"

"Sauti imekwenda nyumbani, madam. Inanisubiri kule."

Alinipigia kelele. Alininyang'anya simu yangu. Alisema atamwita ajenti, atawaita polisi, atasema nimemroga mtoto. Nilikunja foronya. Kisha alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu, mwanamke wa bangili zile zote, akasema kwa sauti ndogo, "Jana hakula."

"Najua. Na mimi sikula."

Aliyemaliza jambo ni bosi. Alikuwa mtu wa haya, asiyependa kelele, na kwa miezi saba tangu mkataba uishe alikuwa amejificha nyuma ya magazeti yake. Jioni hiyo alimwambia mkewe mbele yangu kwamba mkataba umepita, na kwamba binti akinyamaza kwa kosa hili, dhambi itakuwa yao. Madam alilia. Kisha akanigeukia na sharti lake. Nirekodi nyimbo zote kwenye simu yake, za kufungulia na za kufungia, kila katuni, kwa maneno yangu. Zikitimia, halas, nitapewa kibali cha kutoka na tiketi.

Zilikuwa kumi na moja. Tulizirekodi alasiri mbili, chumbani kwa mtoto, zulia limewekwa mlangoni kuzuia sauti ya mashine. Nilifikiri nitumie nafasi hiyo kuusafisha ule wimbo wa sumu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, ya ndege na asubuhi. Nilipofika mstari wa pili mtoto aliweka mkono kwenye simu.

"Siyo hivyo, dada," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya siku nane.

"Maneno haya ni mazuri zaidi."

"Siyo hivyo."

Basi nikauimba ulivyo, na madam mlangoni akiitikia kwa furaha kwamba bado yuko kitandani. Siku niliyoondoka, asubuhi, mtoto hakulia. Alikuwa kwenye kochi na simu sikioni, ananisikiliza. Nilimuaga, akanipungia mkono bila kuitoa.

Nilifika Voi binti yangu akiwa na miaka minne na miezi miwili. Alinisalimia vizuri, kwa adabu, shikamoo na mkono, kisha akarudi nyuma ya gauni la dada yangu. Sikumlazimisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi chimbo nililijua urefu wake. Wiki ya kwanza alinitazama kwa mbali. Wiki ya tatu alikuja kula karibu na kiti changu. Dada yangu, Mungu ambariki, alianza kujipa safari za dukani ili tubaki wawili. Wiki ya sita, alasiri moja, aliniletea kitana mwenyewe, akakaa chini kati ya magoti yangu, akainamisha kichwa nimsuke. Nilikuwa sijawahi kumsuka. Nilipoondoka nywele zake zilikuwa bado laini, za kushikwa na kibanio kimoja.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa madam. Katuni mpya imeanza, aliandika, ya wasichana wanaopanda chai, na mtoto ana siku mbili hataki kitu. Alituma wimbo wa kufungulia na wa kufungia. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti, na nilipoubonyeza nilisikia Kiswahili changu mwenyewe, kutoka Jeddah, polepole, kimenyooka.

"Dada. Wimbo mpya hauna maneno."

Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimemwambia dada yangu kwamba nikikanyaga Voi sitaimba tena kwa ajili ya nyumba ile, na dada yangu alisema vyema. Nikausikiliza wimbo mara moja tu, nijue ulivyo. Ulikuwa na gitaa jepesi na kiitikio kinachoingia kabla hujakitegemea. Kufikia mara ya tatu mstari wa kwanza ulikuwa umeshakuja, na wa pili unaufuata.

Nikamwambia binti yangu anisubiri kidogo. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikaweka simu kwenye meza. Niliimba mistari miwili akausukuma mlango, kichwa kimesukwa upande mmoja, akauliza tunamaliza lini. Sauti yake iliingia kwenye rekodi ikaiharibu.

"Nyamaza," nilimwambia, kwa sauti yangu ya kwaya. "Toka nje, unyamaze."

Alinyamaza. Nikafunga mlango, nikaanza upya. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu nilipomsikia barazani akimwuliza dada yangu, "Mama, kwani huyu ana mtoto mwingine?"

Ningeweza kuacha pale pale. Niliimba mstari wa nne, nikatuma, ndipo nikafungua mlango.